Kalamu kwanza, vidole kumi darasa la nne: watoto wetu wafundishwe lini kuchapa?

MwalimuWaChaki

Habari za jioni wanajukwaa.

Wiki iliyopita kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akauliza kwa nini bado tunawachosha watoto na daftari la mwandiko, wakati yeye kazini kwake kalamu ni ya kusaini tu. Kabla sijafungua mdomo, bibi mmoja aliyekaa nyuma akasema siku atakayoona mjukuu wake wa darasa la kwanza amewekwa mbele ya kompyuta, atamhamisha shule. Ukumbi ukagawanyika, muda ukaisha, tukaondoka bila jibu. Nimefundisha la kwanza na la pili miaka tisa, na sasa niko na darasa la nne. Swali hili limeninyima usingizi, kwa hiyo nalileta hapa.

Msimamo wangu ni huu: darasa la kwanza na la pili ni la kalamu, kwa kila mtoto, bila haraka. La tatu mwandiko ukomae. La nne tuanze kufundisha kibodi, vidole vyote kumi, bila kutazama vitufe. Na mwandiko uendelee pembeni hadi anamaliza shule.

Kwa nini kalamu kwanza? Njoo ukae na watoto wa darasa la kwanza wakati wa kuumba herufi. Mtoto anayechanganya b na d humponyi kwa kumwonyesha picha. Unamshika mkono: kwenye b anashusha mti kwanza halafu tumbo, kwenye d anaanza na tumbo halafu anapanda mti. Baada ya wiki kadhaa mkono unajua, na jicho linaufuata mkono. Kwenye kibodi, b na d hubonyezwa kwa namna moja. Kidole hakijifunzi chochote kuhusu umbo la herufi.

Hili si la kwangu peke yangu. Mwaka 2012 Karin James na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma. Herufi nyingine waliziandika kwa mkono, nyingine wakazifuatisha kwenye nukta, nyingine wakazibonyeza. Kisha wakaonyeshwa herufi hizo huku ubongo ukipigwa picha. Sehemu zinazotumika kusoma ziliamka kwa herufi walizoziandika wenyewe. Walikuwa watoto wachache, lakini nilipousoma niliwaona watoto wangu.

Sasa kwa nini la nne na si kidato cha kwanza? Kwa sababu akifika huko ameshajifundisha mwenyewe, vibaya. Mtoto wa miaka tisa au kumi anajua herufi zote, anasoma sentensi nzima, kiganja kimeanza kutosha upana wa kibodi, na bado hajazoea kudonoa kwa vidole viwili kama kuku. Wamarekani kwenye viwango vyao vya elimu vya 2010 waliweka lengo hapohapo: darasa la nne achape ukurasa mmoja kwa kukaa mara moja, la tano kurasa mbili, la sita tatu. Kosa lao ni kwamba mwandiko wa kuunganisha herufi hawakuutaja kabisa, na majimbo yamelazimika kuurudisha kwa sheria: Louisiana 2016, California 2023. Tusipite njia hiyo ndefu.

Nami nina kidonda changu. Nilifika chuo cha ualimu sijawahi kuweka mikono kwenye kibodi. Ripoti yangu ya mwisho niliiandika kwa mkono, kurasa arobaini na kitu, nikaipeleka steshenari nikachapiwa kwa kulipia kila ukurasa. Ikarudi ina makosa, nikalipa tena. Msimamizi akataka sura ya pili ibadilishwe, nikalipa tena. Fedha ya chakula cha mwezi ilikwenda kwa kazi ambayo vidole vyangu vingeweza kuifanya. Sitaki mwanafunzi wangu hata mmoja alipe kodi hiyo.

Karibuni, mnikosoe.

BabaWaPacha

Mwalimu, nakuheshimu, ila wanangu wana miaka minane na kwenye simu wanaandika kwa madole gumba haraka kuliko mimi. Na sasa simu unaiambia kwa mdomo inaandika. Kwa nini serikali ipoteze kipindi kufundisha kitu ambacho watoto wanakiokota wenyewe?

MwalimuWaChaki

Baba, jaribu jambo moja leo usiku. Waambie pacha wako waandike kwenye simu ukurasa mzima kuhusu safari yao ya Krismasi. Siyo ujumbe wa maneno matano, ukurasa. Utaona wanachoka, wanakata maneno, wanaandika "xaxa" na "cjui". Simu inafundisha kujibu. Insha ni kukaa na wazo, kurudi juu, kufuta, kuhamisha aya. Na kusema kwa mdomo darasani wakiwa sitini, tutasikilizana?

MswahiliWaTampere

Salamu kutoka Finland. Naona kila ukizuka mjadala huu watu husema "Wafini wamefuta kuandika kwa mkono". Nisahihishe maana wanangu wawili wamepita kwenye mfumo huo.

Kilichobadilika kwenye mtaala ulioanza 2016 ni kwamba shule hazilazimiki tena kufundisha mwandiko wa kuunganisha. Herufi za kuachana zimebaki, mtoto anaanza nazo na kalamu ya risasi kama kwenu, na ujuzi wa kibodi ukaongezwa kando yake. Binti yangu alikuja nyumbani na daftari lenye mistari, na baadaye na mazoezi ya vidole. Vyote viwili. Majirani zetu wa Sweden walikuwa wameelekea kwenye skrini hadi shule za awali, na 2023 serikali yao ikageuza, ikarudisha vitabu vya karatasi na kalamu. Kwa hiyo mwalimu, mpangilio wako wa kalamu kwanza hauko nyuma ya wakati.

Ninachokisikitikia mimi ni kingine: watoto wangu wamejifunza kibodi kwa Kifini na Kiingereza. Kiswahili wanakiandika kwa kusitasita, kidole kimoja kimoja, kwa sababu vidole vyao havijawahi kufundishwa maneno yetu.

MhaziliMstaafu

Wanangu, hapo kwenye neno la mwisho la huyu wa Tampere mmenigusa. Mimi nimekuwa mhazili miaka thelathini na moja, tangu taipureta za kupiga kwa nguvu hadi kompyuta. Acheni niseme kidogo.

Chuoni tulikuwa na mambo mawili: hatimkato, ule mwandiko wa alama fupi wa kunasa maneno ya msemaji, na kupiga chapa. Mkisoma matangazo ya kazi za katibu mahsusi hadi leo mtakuta "hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika moja". Hatimkato ni kalamu. Chapa ni mashine. Hakuna aliyetuambia tuchague. Bosi anasema, mkono unashika kwa kalamu, halafu vidole vinatoa nakala safi. Nashangaa mnagombana kana kwamba kimoja kinamuua mwenzake.

Kwenye chapa, mwalimu wetu alitufunika mikono kwa khanga. Aliyechungulia alianza ukurasa upya. Wiki mbili za kwanza hatukuruhusiwa hata kutaja neno kasi. Alitusimulia habari za Frank McGurrin, mwandishi wa hatimkato wa mahakama kule Salt Lake City, aliyeshinda shindano la kupiga chapa mwaka 1888 kwa vidole vyote bila kutazama mashine. Alisema, "Yule aliwashinda kwa sababu macho yake yalibaki kwenye karatasi." Hilo ndilo darasa lote. Anayetazama vitufe anasoma mara mbili.

Sasa kuhusu Kiswahili. Vitabu vya mazoezi tulivyopewa vilikuwa vya Kiingereza, na vidole vya Mswahili vikifundishwa kwa Kiingereza vinapotoka. Herufi yetu kuu ni A. Hesabuni sentensi yoyote ya Kiswahili mtaona. Na A iko wapi? Chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili lazima akiimarishe kidole hicho mapema, kitabu cha Kiingereza hakitamfanyia hivyo. Q na X sisi hatuzihitaji, zisimpotezee siku hata moja. Lakini kile kitone cha ng' Waingereza wanakifundisha mwishoni kabisa, wakati mtoto wetu anataka kuandika ng'ombe wiki ya pili.

Na kuna baraka ambayo watu hawaijui. Wekeni vidole mstari wa kati, kushoto A S D F, kulia J K L, F na J zina vinundu vya kupapasia. G na H mnazifikia kwa vidole vya shahada. Kwa mstari huo peke yake Kiswahili kinazungumza! Dada, kaka, saa, sasa, hasa, haja, lala, sadaka, jalada, fasaha, dagaa. Niliwatungia wadogo zangu ofisini:

kaka hajala
dada akasaga dagaa
kaka akala akalala

Hakuna kidole kinachoondoka mstarini. Siku ya kwanza mtoto anaandika kisa chenye mwanzo na mwisho kwa lugha yake. Nilipoona mara ya kwanza nilisimama kwenye kiti.

MwalimuWaChaki

Shikamoo mama. Nimechukua kibodi ya shemeji nimejaribu sasa hivi. Nina donge kooni. Nitakuuliza mengine.

MhaziliMstaafu

Marahaba mwanangu. Uliza tu.

SaibaKisauni

Hamjambo. Mie nipo Mombasa, nina saiba, duka la kompyuta na intaneti. Yale aliyoyasema mwalimu kuhusu kulipia kila ukurasa nayaona kila siku, mie ndiye ninayelipwa, na bado naumia. Kijana ana cheti cha sekondari, aja kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Nampa kiti ajiandikie bure, hawezi. Aniambia, "Ndugu, niandikie wewe, mie ntachukua siku nzima."

Sisi huku tuliahidiwa vipakatalishi kwa darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013, na 2016 vishikwambi vikaanza kupelekwa mashuleni. Mtaala wa umilisi nao umeweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Yote mema. Lakini kumpa mtoto kishikwambi ni jambo moja, na kukaa naye ukamwambia "kidole hiki ni cha kitufe hiki" ni jambo jengine. La pili sijaliona. Wapwa zangu wawili wamepita, wajua kufungua video, wajua kupiga picha, kicharazio wakidonoa.

Na tena tulianzia darasa la kwanza, pale hasa mwalimu anapotuambia ni mahali pa kalamu.

ChakiNaVumbi

Mimi ni mwalimu wa kijijini na nitasema ukweli bila kumkera mtu. Darasa langu lina watoto tisini na wanne. Umeme umefika kijijini, shuleni nguzo ipo ila ndani bado. Nina kishikwambi kimoja, kile tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Watoto wangu wengine wanaandika kwa kalamu iliyokatwa vipande viwili wagawane na ndugu.

Mkisema "la nne waanze kibodi" na ikawa agizo, shule za mjini zitaanza kesho na zangu zitaandikiwa ripoti kwamba zimeanza. Halafu miaka kumi baadaye tutapima nani anajua kuchapa na tutasema watoto wa kijijini ni wazito. Naogopa hilo kuliko naogopa kompyuta. Na kitu kingine: sehemu kubwa ya mtihani wa darasa la saba ni kusiliba, yaani kutia weusi kwenye herufi ya jibu. Mtoto anaweza kufaulu bila kuandika aya. Mwandiko wenyewe unakufa mikononi mwetu, hata kabla ya kibodi kufika. Anzeni kuokoa huo.

MwalimuWaChaki

Mwalimu mwenzangu, hoja yako ya kusiliba nimeisoma mara tatu. Ni kweli, na ni aibu yetu sote. Mwandiko hauna adui mkubwa kuliko mtihani usioutaka. Ningekuwa na uwezo, kila mtihani wa la saba ungekuwa na insha ya ukurasa, hata kama kusahihisha kutatugharimu likizo.

Kuhusu vifaa, wengi mnamkumbuka yule mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, aliyechora dirisha la programu ya Word ubaoni kwa chaki za rangi mwaka 2018 kwa sababu shule haikuwa na kompyuta. Dunia ilimshangilia, na baadaye akapata kompyuta. Alichofanya kilinifundisha kwamba somo linaweza kutangulia kifaa. Kwenye vidole ndiyo rahisi zaidi: kibodi iliyochorwa kwenye karatasi ya manila, kila mtoto na yake, anajua kidole gani kinakwenda wapi.

ChakiNaVumbi

Manila haichapi, mwalimu. Mtoto akikosea manila haimwambii. Atafanya wiki mbili kwa furaha, ya tatu ataichana atengeneze ndege. Nakubali iwe maandalizi ya wiki mbili hizo, basi. Baada ya hapo tunahitaji hata kibodi kumi za waya na kishikwambi kimoja cha kuchomekea, watoto wapokezane. Hiyo ni gharama ambayo kijiji kinaweza kuijadili, maabara ya kompyuta hakiwezi.

MwalimuWaChaki

Hilo la kibodi za waya sikuwa nimelifikiria. Nakubali. Manila wiki mbili, halafu kibodi halisi hata kama ni chache.

MwanachuoMlimani

Naomba kuongeza. Darasani tulijadili utafiti wa Norway uliotoka 2024, wa Audrey van der Meer na mwenzake, chuo kikuu kilichoko Trondheim. Wanafunzi 36 wa chuo, kofia ya vihisio 256 kichwani, wakiandika maneno kwa kalamu na kwa kibodi. Kwenye kalamu sehemu za ubongo ziliwasiliana kwa upana zaidi. Watu wanautumia kusema kibodi ni sumu kabisa. Sasa kwa nini tuipe hata darasa la nne?

MwalimuWaChaki

Mdogo wangu, rudi kwenye ukurasa wa mbinu. Waliochapa waliambiwa watumie kidole kimoja tu. Kilichopimwa hapo ni ule udonoaji tunaoulalamikia. Hatujui kutoka kwenye utafiti ule mtu wa vidole kumi angekuwaje.

Unaonisaidia mimi zaidi ni wa Virginia Berninger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, 2009. Walichukua watoto wa darasa la pili, la nne na la sita. Walipoandika insha kwa kalamu waliandika maneno mengi zaidi na kwa haraka zaidi kuliko kwa kibodi. Hata wa la sita! Ndiyo maana nasema mwandiko usikome pale kibodi inapoanza. Mtoto wa la nne wazo lake bado linatoka kwa kalamu. Kibodi kwa mwaka mzima wa kwanza ni mazoezi ya vidole, dakika kumi na tano mara nne kwa wiki, na kunakili. Asitungie insha juu yake mapema, atakonda mawazo.

MamaWaJemedari

Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo na moyo unanidunda. Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Kichwa chake kiko sawa, anasoma kuliko dada yake. Mkono wake hauwezi kushika kalamu. Darasa la kwanza na la pili alikaa akiwatazama wenzake wanaandika, akapewa sifuri ya kuandika muhula baada ya muhula, kwa sababu sheria ya darasa ilikuwa kalamu tu. Si mwalimu mbaya, alikuwa anafuata alichoambiwa. Mjomba wake alimletea kibodi kubwa ya zamani. Anabonyeza kwa kidole kimoja na kifundo cha mkono wa pili. Wiki hiyo aliniandikia "mama nina njaa". Alikuwa na miaka minane, na ndiyo mara yangu ya kwanza kusoma neno kutoka kwake.

Mwalimu, umesema darasa la kwanza na la pili ni la kalamu "kwa kila mtoto". Nakuomba uliondoe hilo neno.

MwalimuWaChaki

Mama, nimeliondoa. Nimekosea, na nashukuru umeniambia hadharani. Miaka tisa darasani nimekuwa na watoto wawili ambao leo nikiwakumbuka naona walihitaji kibodi siku ya kwanza, na mimi niliwapa mistari minne na kuwahimiza wajitahidi. Mtoto ambaye mkono umemkatalia apewe njia yake siku anapoingia darasani, asisubiri la nne wala ruhusa ya kikao. Mpe mkono Jemedari kutoka kwangu.

MamaWaJemedari

Amesoma mwenyewe. Amecheka. Asante mwalimu.

BabaWaPacha

Nimerudi. Nimewapa pacha ule ukurasa wa safari ya Krismasi. Kwenye simu mmoja aliandika mistari mitatu, mwingine akalala. Kesho yake nikawapa daftari na kalamu, wakajaza ukurasa na nusu, wakagombana nani kamsahau babu kwenye hadithi. Nimenunua kibodi ya mtumba Kariakoo. Nawaanzisha sasa au nisubiri la nne?

MwalimuWaChaki

Wako la ngapi? Kama la tatu na mwandiko wao unasomeka bila wewe kuuliza "hii ni nini", waanze taratibu wakati wa likizo. Kama bado unauliza, iweke kabatini kwanza. Na usiwaache peke yao nayo, wataanza kudonoa siku ya kwanza na kumng'oa mtu kwenye kudonoa ni kazi.

Mama Mhazili, kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo. Nimepata manila sitini kutoka kwa wazazi watatu na mwalimu mkuu ameruhusu dakika kumi na tano za asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Mstari wa kati tunao. Mstari wa juu una maneno?

MhaziliMstaafu

Una maneno, tena irabu zote zilizobaki ziko huko juu, E, U, I na O. Wakiumudu huo wameshamaliza irabu, mstari wa chini ni konsonanti tupu, watauchukua haraka. Andika haya ubaoni, yote ni ya mstari wa juu peke yake:

upepo
pete
tope
pori tupu
ripoti yetu

Halafu wachanganye na ya kwanza: "dada yetu akasaga dagaa". Waimbe huku wanabonyeza, kila herufi pigo moja, wote kwa pamoja. Kasi isitajwe. Na khanga ya kufunikia mikono ninayo, nitakuletea.